Je, Wajua? Walioona Kwanza

Je, wajua kwamba karibu vanila yote inayolimwa duniani leo, iwe ya Madagaska, ya Komoro, ya Uganda au ya Kagera, inazaa kwa mbinu iliyobuniwa na mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa?

Anaitwa Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 katika kisiwa cha Réunion, enzi hizo kikiitwa Bourbon, na mama yake alifariki akimzaa. Bwana aliyemmiliki, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda sana mimea, na kijana akawa anamfuata bustanini na kujifunza kwa kutazama. Mvanila ulikuwa umeletwa kisiwani kutoka Amerika. Ulitambaa vizuri kwenye miti, ukachanua, lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuuchavusha walibaki kwao Mexico. Tena ua la vanila hufunguka kwa siku moja tu, na lisipochavushwa siku hiyo limekwisha. Mwaka 1836 mtaalamu Charles Morren alifanikiwa kulichavusha kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, ila njia yake ilikuwa na mlolongo mrefu usiofaa shambani.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini na Edmond alipoona tunda kwenye mvanila uliokaa miaka na miaka bila kitu. Edmond akasema ni kazi yake. Hakuaminiwa mpaka alipoonyesha. Alishika ua, akachukua kijiti chembamba, akafungua mdomo wa ua na kunyanyua kiutando kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, kisha kwa kidole gumba akaisukuma chavua mpaka ikagusana na upande wa kike. Sekunde chache, kazi imekwisha. Nenda leo kwenye shamba la vanila Bukoba au Mukono asubuhi ya msimu wa maua, utawakuta wakulima wanafanya vilevile, ua moja baada ya jingine.

Edmond alipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Kabla karne ya 19 haijaisha, Réunion ilikuwa imeipita Mexico kwa kuuza vanila. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa, akapewa jina la ukoo la Albius, na utajiri ule haukumfikia. Mtaalamu mmoja wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alijitokeza kudai kwamba ni yeye aliyekifundisha kisiwa mbinu hiyo. Bellier-Beaumont ndiye aliyeandika kumtetea kijana, na bila barua zake huenda leo tungekuwa tunamsifu Richard. Edmond alifungwa kwa kosa la wizi, akaachiwa kabla ya muda wake, na mwaka 1880 akafa maskini Sainte-Suzanne, palepale alipozaliwa.

Nimeanza naye kwa makusudi. Ukichimba historia ya sayansi utakuta mara nyingi aliyeona kwanza si yule anayetajwa kitabuni, na mimi nadhani ni wajibu wetu kuwarudishia wenyewe majina yao.

Je, wajua kwamba mwanafunzi mmoja wa Kitanganyika aliwapa wanafizikia kitendawili ambacho hawajakubaliana jibu lake mpaka leo? Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na waliotaka walikuwa wengi. Mwenzake mmoja akawahi kwa kuweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba naye, akiogopa kukosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akafungua: ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu likawa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Wangapi wetu tungenyamaza hapo? Yeye akaenda kuwauliza wauza aiskrimu wa Tanga mjini, nao wakamwambia kwamba huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likafanya hilo kuwa utani wa kila siku. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akanyoosha mkono na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka.

Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Wapo wanaolieleza kwa mvuke unaopunguza maji, kwa mzunguko wa maji ndani ya chombo, kwa gesi zilizoyeyuka ndani yake. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Miaka minne baadaye watafiti wengine wakapima upya na kusema hawaioni athari yenyewe. Kwamba hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunaweza kugeuza matokeo. Mabishano bado ni moto. Mpemba mwenyewe alikwenda kufanya kazi ya wanyamapori. Namheshimu zaidi kwa mwendo wa miguu yake kwenda kuwauliza wauza aiskrimu kuliko kwa jina lake kuingia kwenye vitabu.

Je, wajua kwamba kabla Edward Jenner wa Uingereza hajafanya jaribio lake la chanjo ya ndui mwaka 1796, mji wa Boston ulikuwa umeshapewa somo na Mwafrika mtumwa? Jina alilopewa huko ni Onesimus. Jina alilozaliwa nalo halikuandikwa. Mwaka 1706 waumini walimnunua na kumpa mchungaji wao, Cotton Mather, kama zawadi. Mather alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, akajibu kwamba kwao Afrika Magharibi alichanjwa: usaha kidogo wa mgonjwa unatiwa kwenye mkato wa ngozi, unaumwa kidogo, halafu ndui haikupati tena. Akamwonyesha kovu.

Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather akawaomba madaktari wajaribu. Alikubali mmoja tu, Zabdiel Boylston, akaanza na mwanawe wa kumzaa. Mji ulikasirika kiasi kwamba mtu alirusha bomu ndani ya nyumba ya Mather, bahati likashindwa kulipuka. Hesabu ilipofungwa, watu 5,889 walikuwa wameugua ndui ya kawaida na 844 wakafa, yaani mmoja kwa kila 7. Kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa na Boylston walikufa 6. Hizo ni miongoni mwa takwimu za kwanza kabisa za kupima kama dawa inafaa, na chanzo chake ni kovu kwenye mkono wa mtumwa.

Miaka 82 baadaye chanjo ya Jenner, iliyokuwa salama zaidi, ilihitajika makoloni ya Hispania ng'ambo ya Atlantiki. Barafu hakuna, friji hakuna, na dawa ikikaa wiki kadhaa baharini inakufa. Mwaka 1803 daktari Francisco Javier de Balmis akapakia melini watoto yatima 22. Wawili walichanjwa kabla ya safari. Vipele vyao vilipoiva, maji yake yakahamishiwa kwa wawili wengine, na hivyo hivyo mpaka nchi kavu. Watoto ndio walikuwa chupa ya dawa. Walitunzwa na mwanamke mmoja, Isabel Zendal, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya yatima, naye akamchukua na mwanawe.

Na mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara? Alikuwa jirani yetu wa pwani hii hii: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa amewaelekeza njia waliokuwa na wagonjwa wawili garini, safari ya dakika chache. Hakuwa amechanjwa barabara, maana aliogopa sindano. Akapona. Miaka mingi baadaye akazunguka nchini kwao kuwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata yeye. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1879, Ulaya ikiwa bado inaogopa upasuaji wa uzazi kwa sababu akina mama wengi walikufa, mganga wa Bunyoro aliufanya mbele ya mgeni na mama na mtoto wote wakasalimika? Mgeni huyo, Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, alikuwa mahali paitwapo Kahura, katika Uganda ya leo. Mama alikuwa na umri wa kama miaka 20, uzazi wa kwanza, naye alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo, ndipo akakata. Mishipa iliyotoka damu aliichoma kwa chuma cha moto. Akamtoa mtoto, akafunga jeraha kwa vipini vya chuma vilivyosuguliwa vizuri na kuzungushiwa nyuzi za gome, akapaka dawa ya mizizi iliyopondwa na kufunika kwa jani la mgomba. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona.

Tafakari jambo moja: kuosha mikono. Wakati ule kulikuwa na madaktari wakubwa Ulaya waliokuwa wakilibishia hilo. Felkin alichapisha alichokiona mwaka 1884 katika jarida la tiba la Edinburgh, na mchoro wa jeraha akauweka. Ila hakuandika jina la mganga. Upasuaji ule ulionekana wazi kuwa wa mtu aliyeuzoea, wenye hatua zinazojulikana na wasaidizi wanaojua pa kushika, na mimi sijui kisa kinachoniuma zaidi ya hiki katika vyote nilivyovikusanya.

Harakaharaka, kabla hatujaingia baharini:

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China na kupokewa na mfalme Yongle kama kiumbe cha heri. Twiga wa kwanza alikuwa amefika mwaka mmoja kabla, zawadi ya mtawala wa Bengal.

Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 ndani ya tumbili aliyefungiwa juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Watafiti walikuwa wakitafuta homa ya manjano.

Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwa tanuru ambazo mifereji yake ya hewa iliingia mpaka ndani ya moto, ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye makaa. Miaka ya 1970 wazee walioikumbuka kazi hiyo waliwajengea watafiti Peter Schmidt na Donald Avery tanuru, wakawasha, na ikatoa chuma chenye kaboni. Uchimbaji ukaonyesha kwamba ufundi huo una zaidi ya miaka 1,500 katika eneo lile.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengenezea mabomu ya atomiki ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mkuu wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alihofia Wajerumani wasije wakaipata, akasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, yakawekwa kwenye ghala kisiwani Staten Island. Jeshi la Marekani lilipokuja kuulizia urani mwaka 1942, likaambiwa mzigo upo tayari mjini. Mawe yale yalikuwa na utajiri usio na mfano. Hiroshima inakumbukwa kila Agosti, na ni haki. Waliozama shimoni Katanga kuyatoa mawe hayo kwa mikono yao nani anawakumbuka?

Baharini sasa. Je, wajua kwamba sarafu za Kilwa zimeokotwa Australia? Mwaka 1944 askari aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliziokota mchangani: 4 za Kiholanzi na 5 za shaba za masultani wa Kilwa. Akazihifadhi kwenye kopo. Miaka ya 1970 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu na kuambiwa alichonacho. Sarafu za Kilwa ni nadra mno nje ya pwani yetu. Mojawapo, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Zimbabwe Kuu. Sultani huyo ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Nani alizifikisha sarafu zile Wessel, nahodha wa jahazi, mtumwa wa Kireno, baharia wa Kiindonesia, hakuna anayejua.

Je, wajua kwamba samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria yumo kwenye maji ya Tanga? Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, alipigiwa simu aende bandarini kutazama samaki wa meli ya uvuvi. Chini ya lundo akaona pezi la rangi ya buluu. Samaki alikuwa na urefu wa mita moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yanayotoka mwilini kama miguu. Dereva wa teksi alikataa kumpakia mpaka wakabishana. Nyumba ya maiti ilimkataa, na chumba cha baridi vilevile. Akachora picha na kumwandikia mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, ambaye alipoiona alijua ni silikanti, jamii ambayo dunia ilikuwa ikiijua kwa mabaki ya mawe tu.

Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha vipeperushi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vyenye picha na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani yote. Desemba 1952, katika kisiwa cha Ndzuani, Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua mmoja usiku kwa mshipi. Kesho yake huko Domoni mwalimu mmoja akamtambua kutokana na kipeperushi, na samaki akabebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu, ng'ambo ya kisiwa, kulikokuwa na nahodha Eric Hunt na merikebu yake. Smith alimwomba waziri mkuu Malan ndege ya jeshi kwenda kumchukua, na alipomwona akalia machozi.

Wavuvi wa Komoro walishangaa. Samaki huyo walimjua; walimwita gombessa, nyama yake haina ladha, na inasimuliwa kwamba magamba yake makavu walikuwa wakiyatumia kukwaruza mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Dunia nzima ya sayansi ilikuwa ikitafuta kitu ambacho fundi baiskeli wa Ndzuani alikuwa nacho kwenye boksi la vifaa.

Tangu mwaka 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa papa Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Watafiti waliosoma mistari ya magamba yake kwa hadubini, mwaka 2021, walikuta kwamba anaweza kuishi karibu karne moja na kubeba mimba kwa takriban miaka 5. Kiumbe anayezaa polepole namna hiyo hawezi kuhimili nyavu nyingi, na naomba kila mwenye sauti Tanga alizingatie hilo.

Je, wajua kwamba mwaka 1917 Ujerumani ilituma ndege ya puto, urefu wake zaidi ya mita 220, kuleta dawa na risasi kwa jeshi la von Lettow-Vorbeck lililokuwa limezidiwa Afrika Mashariki? Iliitwa L 59, na iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba. Haikukusudiwa kurudi. Ikifika ingevunjwa kila kipande: kitambaa cha puto kishonwe mahema na nguo, mifupa yake iwe nguzo za kibanda na mnara wa redio. Ilivuka Mediterania na jangwa la Libya, joto la mchana likiipandisha juu na baridi ya usiku ikiishusha karibu kugonga milima. Ikiwa imeupita usawa wa Khartoum, ikapokea amri ya redio igeuze. Ilirudi Jamboli baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 bila kutua hata mara moja. Waliokuwa wakiisubiri huku, hawakuiona kamwe.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyotuachia MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku elfu kadhaa hadi Dar es Salaam, na kuunganishwa upya Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakikimbia waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka kwanza mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena Ziwa Tanganyika, na imebeba dagaa, mahindi, wachuuzi na wakimbizi kwa vizazi.

Je, wajua kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, na inaitwa Uhuru? Ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi, ndiye aliyeipa jina hilo kwa heshima ya wenyeji. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta: hapo dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, roketi inapata msukumo wa bure. Na ilikuwa lazima kwenda juu, kwa sababu hewa yetu inazuia eksirei zote zisifike chini.

Uhuru ilihesabu vyanzo 339 vya eksirei angani. Kimoja, Cygnus X-1, kilipepesa kwa kasi isiyo ya kawaida, na kufuatilia kwake ndiko kulikowafikisha wanasayansi kwenye shimo jeusi la kwanza linalokubalika. Stephen Hawking aliweka dau mwaka 1974 kwamba silo, akakubali kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya Uhuru bado inatumika: nyota nyingi za namna hiyo huandikwa kwa herufi 4U mbele ya namba zake, na U hiyo ni Uhuru.

Je, wajua kwamba panya buku wa Morogoro amewahi kuvishwa nishani ya dhahabu? Magawa alizaliwa mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye mradi wa APOPO, akafundishwa kunusa baruti kwa kulipwa ndizi na karanga, kisha akapelekwa Kambodia. Alikuwa mwepesi, kwa hiyo hakukanyaga bomu likalipuka. Tena alifuata harufu ya baruti, hakusumbuliwa na misumari na makopo kama mashine ya kutafutia chuma. Aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ambayo panya hakuwahi kupewa. Wenzake waliobaki Morogoro wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu: sampuli 100 kwa dakika 20, na kila wanayoitilia shaka inathibitishwa maabara. Wagonjwa ambao hadubini iliwakosa wamepatikana kwa pua hizo.

Na je, wajua kwamba yupo ndege wa porini anayefanya kazi na binadamu bila kufugwa wala kufundishwa? Humwita mtu kwa mlio, akaruka mti hadi mti mpaka penye mzinga. Mtu anafukiza moshi, anapasua, anachukua asali. Ndege anabakiwa na nta, ambayo ni chakula chake. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa ulimi unaokatishwa na mguno mfupi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walipima: kwa sauti nyingine yoyote, uwezekano wa kufikishwa kwenye mzinga wenye nyuki ulikuwa asilimia 16 hivi, kwa mwito wa Wayao, asilimia 54.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao hupiga mluzi. Watafiti wakachukua miito yote miwili na kuipiga kwa vipaza sauti pande zote mbili, na mwaka 2023 wakatoa matokeo: ndege wa kwa Wahadzabe waliuitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na ndege wa Niassa waliuitikia mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi. Kumbe ndege wa kila mahali wanajifunza mwito wa watu wa pale. Watoto wa mjini wasipojifunza mluzi huo kwa wazee wao, ndege nao watakosa wa kumwitikia. Na tayari sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambako sukari ya dukani ni rahisi kuliko asali, mazungumzo hayo yamekoma.